Goli la Kwenye Gazeti

Asubuhi hiyo Refa aliingia dukani kwa dobi bila kusalimia. Hiyo haikuwa kawaida yake, kwa maana yule alikuwa mtu wa kumsalimia hata paka wa mlangoni. Aliweka gazeti juu ya kaunta, akalifungua ukurasa wa hadithi, akaligeuza limwelekee binti wa dobi, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Hili goli umelitoa wapi?"

Binti alikuwa ameshika kola ya shati kwa mkono mmoja na pasi kwa mkono wa pili. Aliisimamisha pasi kwanza, isije ikaunguza shati la watu.

"Na mimi sijambo," alisema. "Umeamkaje?"

"Nimeamka na hili goli."

Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, fundi miwani mwenye kiduka chake pale kwenye kona. Siku za kazi alisaga vioo na kukaza vikono vya miwani ya wazee. Siku za mechi alivaa jezi nyeusi, akaning'iniza filimbi shingoni, akaenda kuzomewa. Mtaa mzima ulimwita Refa, hata wale waliokwenda kwake kupimwa macho.

Naye binti wa dobi mtaani walimwita Mwandishi. Hadithi zake za mapenzi zilitoka kila wiki kwenye gazeti dogo lililosomwa saluni, zahanati na kwenye foleni za maji. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na jambo analolishabikia. Hakuimba, hakufuga, hakulima maua, mpira hakuujua. Alifua tu. Ila ukifua nguo za watu, watu wanakuletea mapenzi yao yakiwa yamegandia kwenye vitambaa: tope la bustanini, mafuta ya baiskeli, nta ya mishumaa. "Doa hili ni la nini?" angeuliza, na mteja aliyekuwa anakimbilia kazini angejikuta amekaa kwenye kiti, macho yanamng'aa, anaeleza mambo ya vipando vyake au njiwa wake mpaka anachelewa. Akiondoka, binti angeketi kwenye ncha ya meza ya pasi, akaandika. Hivyo ndivyo hadithi zake zote zilivyozaliwa.

Refa alikuja na soksi.

"Doa hili ni la nini?" aliulizwa siku hiyo ya kwanza.

"Nyasi."

"Unacheza nafasi gani?"

"Sichezi. Nakimbia tu."

"Bila mpira?"

"Mpira ni wa wenzangu."

Jibu hilo halikumtoka binti kichwani. Mtu anakimbia jioni nzima bila kuugusa mpira, anatukanwa na pande zote mbili, halafu anafua soksi zake, wiki inayofuata anarudi tena. Alianza kwenda uwanjani kumtazama. Watu wote walifuata mpira kwa macho, yeye alimfuata mtu ambaye hakuna aliyemwangalia mpaka akosee. Aliona anavyovuta soksi kabla ya kupuliza filimbi, na anavyompa mkono kipa aliyefungwa. Hakujua ni jioni ipi hasa kumtazama kwa ajili ya hadithi kulipogeuka kuwa kumtazama tu.

Basi sasa walikuwa wapenzi, na hadithi ilikuwa ya refa, na refa alikuwa amesimama mbele ya kaunta amekunja uso.

"Jana nimepuliza, mchezaji kaotea," alisema. "Jukwaa zima likaanza kuimba. 'Mchumba wake yuko wapi, mchumba wake yuko wapi.'"

"Waliimba vizuri?"

"Walikuwa na wa kuwapigia ngoma." Alishusha pumzi. "Mwenyekiti wa marefa kaniita. Kaniambia fainali ya Jumapili nisubiri kwanza. Kocha wa timu mojawapo kaenda kwake na gazeti, kamwambia hawezi kuchezeshwa na mtu anayegawa magoli kwa wanawake. Nikasema ile ni hadithi. Akaniambia refa wa kwenye hadithi anavuta soksi kama wewe. Umeandika mpaka soksi."

"Unazivuta vizuri."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Naona. Basi kaa, ukasirike ukiwa umekaa."

Alimsogezea kiti mbali na mvuke wa pasi, kwenye upande wenye upepo. Refa alikaa. Hata katika hasira zake alikumbuka kusema ahsante.

"Huyu refa wako," aliendelea, akigonga gazeti kwa kidole, "mshika kibendera kanyoosha kibendera, yeye hata hamtazami. Kamwona msichana jukwaani anauma leso kwa sababu mfungaji ni kaka yake. Basi, goli. Zawadi ya mapenzi."

"Wasomaji wamelia."

"Na mimi nimelia. Ila mimi zawadi ya namna hiyo sina, na sitakuwa nayo. Kama hiyo ndiyo unayoitaka, basi unampenda mtu mwingine, si mimi."

Binti alitazama chini. Alikuwa amezoea kuwaandikia watu maneno ya kuchoma moyo. Hakuwa amezoea kuyapokea.

"Nilikuwa nimepanga," Refa alisema, safari hii akiiambia kaunta, "fainali ikiisha, mjomba wangu aje azungumze na baba yako. Nilitaka nije nikiwa mtu mwenye jina. Sasa jina lenyewe limekuwa wimbo."

"Unajua kwa nini nililiandika lile goli?"

"Sijui."

"Kwa ajili ya baba."

Hapo pana maelezo. Mzee dobi alikuwa na mtoto wa kiume, mshambuliaji wa timu ya mtaa. Katika fainali ya mwaka jana kijana huyo alifunga zikiwa zimebaki dakika chache, mtaa ukaruka juu, na Refa akapuliza: ameotea. Tangu siku hiyo mzee hakumtaja kwa jina. "Anawauzia watu miwani na yeye mwenyewe haoni," ndivyo alivyosema, na alipohitaji miwani yeye mwenyewe alipanda gari kwenda kuinunua mbali makusudi. Pamoja na hayo, jezi nyeusi ikiletwa dukani, mzee aliipiga pasi kwa mkono wake, akitandika juu yake kitambaa kibichi ili isipate kung'aa vibaya. Alisema nguo haijamkosea mtu.

"Hadithi anaisoma yote," binti alieleza. "Alipofika kwenye goli, alirudia. Akavua miwani, akafuta macho. Akasema, 'Huyu sasa ndiye refa. Huyu akija hapa kuposa, nampa kiti, nampa chai, nampa binti.'"

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe ukiwa umekubali goli."

Refa alilivuta gazeti, akalitazama upya.

"Nikiliacha, nakukosa wewe," binti alisema. "Nikilifuta, namkosa baba, na bila baba nakukosa wewe pia. Na mhariri anataka sehemu inayofuata leo hii mchana. Kwa hiyo na mimi nina hasira zangu, ila sina nafasi ya kukaa."

Walitazamana. Lilikuwa tazamo refu la watu wawili wanaotaka kugombana vizuri lakini mikono yao inataka jambo jingine. Mkono wa Refa ulikuwa umeshafika nusu ya kaunta mlango uliposukumwa, akaingia Mama Kwaya na joho lake la kuimbia.

Alikuwa mwanamke mnene, mkarimu, kiongozi wa sauti ya kwanza, na hakuna sehemu ya hadithi iliyompita.

"Mwanangu," alisema kabla hata hajaliweka joho, "nimesikia kwa nje, mlango wenu mwembamba. Lile goli usilifute."

"Mama, mambo yamekuwa magumu."

"Magumu gani? Mimi uliniandika kwenye ile ya wanakwaya, kila mtu akajua ni mimi. Ukaniua. Nilisema kitu?"

"Hukusema."

"Nilikusamehe. Mazishi yalijaa watu, waliimba vizuri, nikasema hewala." Akamgeukia Refa, akampapasa bega. "Na wewe baba shukuru. Wewe uko hai na unapendwa."

"Mama, nimeondolewa kwenye fainali."

"Pole sana, mwanangu. Pole kweli," alisema, na alimaanisha. "Lakini goli libaki."

"Nani anataka kufuta goli halali?"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye nguo zilizoning'inizwa. Suti mbili zilisogezwa pembeni kama pazia, na mzee dobi akatokea na ile miwani aliyoifuata mbali puani. Alikuwepo kule muda wote, akipiga pasi mashuka. Binti alijua sasa kwa nini pasi ya nyuma ilikuwa kimya kiasi kile.

Refa alisimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu, kwa kuwa salamu ni salamu. "Nimeuliza swali."

"Hakuna aliyesema tufute, baba," binti alisema.

"Mimi nimesema," Refa alisema. "Lile goli si halali, mzee. Samahani."

Mama Kwaya alikaa kwenye kile kiti upesi, akakumbatia joho lake.

"Bwana mdogo," mzee alisema polepole, "umelikataa goli la mwanangu mbele ya watu. Nikanyamaza."

"Hukunyamaza, baba."

"Nilinyamaza kadiri nilivyoweza. Sasa limefungwa goli kwenye karatasi, halimdhuru mtu, na lenyewe unakuja kulikataa dukani kwangu?"

"Mzee, kama ni halali nitalikubali sasa hivi, hata kwa filimbi."

"Una filimbi hapo?"

"Ninayo."

"Basi," mzee alisema, "tutaona."

Akalichukua kopo la vifungo vya akiba kutoka rafuni, akamwaga kwenye meza ya pasi. Alichagua kwa utaratibu, maana alikuwa mtu wa utaratibu hata katika ugomvi. Vifungo vyeusi vikawa mabeki, kikubwa cha koti kikawa kipa, kimoja chekundu kikawa mshambuliaji. Mshono wa kitambaa cha meza ukawa mstari wa goli.

"Soma," alimwambia binti yake. "Kama ulivyoandika. Usiongeze."

Binti aliinua gazeti. "'Mpira ulipopigwa mbele, mshambuliaji alikuwa ameshawaacha mabeki wote nyuma yake.'"

Mzee alikisukuma kifungo chekundu kikavipita vyeusi. "Ndiyo."

"'Mbele yake hapakuwa na mtu ila kipa peke yake.'"

"Ndiyo," alisema mzee, akakisukuma kidogo zaidi. Kidole chake kikabaki juu ya kifungo. Aliinama. Akavua miwani, akaivaa tena. "Soma tena. Taratibu."

Binti alisoma tena, taratibu.

Pasi ilikoroma mvuke. Kifungo chekundu kilikuwa karibu na kipa, mbali na wenzake wote.

"Mimi mpira siujui," Mama Kwaya alisema kwa upole, "lakini hicho chekundu kiko peke yake."

"Hapa umekosea kuandika," mzee alimwambia binti yake. "Wewe hujui mpira. Nani alikwambia alikuwa ameshawaacha wote mpira ulipopigwa?"

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Kila jioni tangu mwaka jana. 'Mpira unapigwa, mwanangu ameshawaacha wote nyuma, mbele hakuna mtu ila kipa peke yake.' Nililiandika neno kwa neno. Niliogopa kukosea, nikachukua maneno ya anayejua."

Mzee alitazama vifungo. Mtu akirudia jambo kila jioni kwa sauti halisikii tena, na maneno yake mwenyewe yalikuwa yametoka nyumbani, yakaenda gazetini, yakarudi kumkalia mezani. Shingo yake ilionekana imezeeka ghafla. Binti alitamani afagie vifungo vyote virudi koponi.

Sasa ilikuwa zamu ya Refa. Alikuwa na filimbi mfukoni na mwaka mzima wa matusi moyoni. Binti alimtazama kwa hofu, kwa sababu hapo ndipo angejua ni mtu wa namna gani.

Refa aliinama juu ya meza, mikono nyuma.

"Wewe siku ile ulikaa upande gani, mzee?"

"Upande wa ukuta. Nilikaa na mafundi wenzangu."

"Upande wa ukuta jioni jua linapiga moja kwa moja machoni."

Mzee aliinua kichwa. "Linapiga."

"Hata mimi ningekuwa pale nisingeona kitu."

"Lilikuwa kali, lile jua," mzee alisema.

"Kali sana."

"Nilitaka hata kusema. Nikasahau."

"Mtu anasahau," Refa alisema.

Filimbi haikutoka mfukoni. Binti alijikuta ameshikilia ukingo wa kaunta. Alikuwa ameandika mapenzi miaka yote hiyo, akiwapa mashujaa wake farasi, mvua, machozi na magoli ya kughushi. Hakuwahi kumpa hata mmoja wao jua la kumsitiri mzee wa mtu. Mama Kwaya alikuwa ameshatoa leso.

"Lakini imeshakuwa," mzee alisema baada ya kukohoa. "Goli limekubaliwa, gazeti limetoka. Utalifutaje?"

"Inategemea," Refa alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso ulimkunjuka. Macho yalimng'aa kama wale wateja wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti. "Mchezo ukishaanza tena, refa haruhusiwi kurudi nyuma. Hata akijua amekosea, imekwisha. Lakini mpira kama haujaanzishwa katikati, anaweza kwenda kwa mshika kibendera, amuulize ameona nini, abadilishe. Hiyo ni sheria." Akamgeukia binti. "Sehemu yako iliishia wapi?"

Wote watatu walimtazama.

"Mpira uko nyavuni," binti alisema. "Watu wanashangilia."

"Haujarudishwa katikati?"

"Sikuurudisha. Karatasi iliisha."

"Basi bado," Refa alisema.

"Bado," mzee alisema naye.

Binti alivuta karatasi, akafuta unyevu kwenye ncha ya meza kwa kiwiko, akaanza kuandika. Refa wa hadithi aliusikia uwanja ukimshangilia kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaona ni sauti tamu. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye kibendera ambacho bado kilikuwa juu.

"Anatembea, hakimbii," Refa alisema, akiwa ameegemea kaunta. "Ukikimbia wanajua una wasiwasi."

"Msichana azimie," Mama Kwaya alishauri.

"Hazimii mtu, mama."

"Kidogo tu."

"Yule msichana," mzee alisema, akiwa ameanza kurudisha vifungo koponi kimoja kimoja, "hana baba?"

"Sijamtaja."

"Mtaje. Mweke jukwaani."

"Anafanya nini?"

Mzee alikiangusha chekundu ndani ya kopo, akalifunga. "Anasema ameotea."

Kalamu ilisimama.

"Asiseme kwa sauti," mzee aliongeza haraka. "Asisimame. Amwambie aliyekaa naye tu."

"Na aliyekaa naye ni nani?"

"Binti yake. Nani mwingine atakaa naye, na kelele zile anazopiga?"

Binti aliandika hayo macho yakiwa yamejaa, na alishukuru kwamba mvuke ulikuwepo wa kusingizia. Aliandika goli likifutwa. Aliandika jukwaa likizomea, chupa zikirushwa, na refa akivuta soksi.

"Ikitoka hii," Refa alisema, "nampelekea mwenyekiti mwenyewe mkononi."

"Nitakwenda nawe," mzee alisema. "Mimi ananijua. Nilimtukana pia."

"Halafu refa anamwoa?" Mama Kwaya aliuliza.

Wanaume wawili walipata ghafla vitu vya kutazama. Mzee alitazama pasi. Refa alitazama viatu vyake.

"Hilo si langu kuamua," Refa alisema.

"Wala langu," mzee alisema. "Mimi kwa leo nimeshaamua vya kutosha."

Binti alibaki na kalamu. Kila kilichokuwamo katika hadithi zake alikipata kwa mtu fulani, na siku zote palikuwa na doa la kuuliza. Sentensi hii haikuwa na mteja. Ilibidi aseme anachokitaka yeye. Alishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa fupi. Aliandika, akaifunika kwa kiganja, kisha akaigeuza karatasi upande wa Refa peke yake.

Msichana alishuka jukwaani watu wakiwa bado wanazomea, ilisema karatasi. Alikatiza uwanja na viatu vyake vizuri, akasimama mbele ya refa, akamwambia: Mwambie mjomba wako aje.

Refa alisoma. Alisoma tena, midomo ikicheza. Kisha mkono wake ukavuka ile nusu ya kaunta iliyokuwa imebaki.

"Kaandika nini?" mzee aliuliza.

"Mzee," Refa alisema bila kuuachia mkono wa binti, "Jumapili utakuwepo nyumbani?"

"Jumapili ni fainali. Nitakuwa uwanjani."

"Baada ya mechi?"

Mzee aliutazama ule mkono, akamtazama binti yake, akamtazama Mama Kwaya aliyekuwa analia bila kujificha.

"Huyo mjomba wako," alisema, "anashabikia timu gani?"

Refa angeweza kutaja timu yoyote. Binti alimbana vidole kumwombea.

"Ile iliyowafunga mwaka jana, mzee."

Mzee alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha.

"Basi aje hivyo hivyo," alisema. "Nitakaa naye."